Tuwaulize Vijana Kabla ya Kuwahukumu

Ni desturi ya watu wazima wa kila zama kuwalalamikia vijana. Barazani husemwa kwamba hawana adabu, na majumbani husemwa kwamba hawawajali wazazi wao. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliokwisha kukaa na kijana, wakamwuliza, kisha wakanyamaza kumsikiliza? Leo twapenda kueleza jinsi kazi hiyo ya kuuliza inavyofanywa katika nchi ya Ujerumani.

Mwaka 1953, miaka minane baada ya vita kuu, swali zito lilikuwa juu ya vijana waliokulia chini ya utawala wa Hitler: je, fikira zao zimeelekea wapi? Kampuni ya mafuta ya Shell ikagharimia uchunguzi. Tangu hapo umerudiwa mara nyingi, na wa kumi na tisa ulitolewa mwaka 2024. Fedha ni za kampuni, lakini kazi hufanywa na wataalamu.

Katika uchunguzi wa mwaka 2019 waliulizwa vijana 2,572, wavulana kwa wasichana, wenye umri wa miaka 12 hadi 25. Mtu aweza kusema: hao wachache watawasemeaje mamilioni? Jibu lake lipo jikoni. Mpishi hanywi sufuria nzima ili ajue kama chumvi imekolea; huonja kijiko kimoja, ila ni sharti kwanza akoroge. Na kukoroga huko ndiko kuwachagua vijana wa kila hali, wa nyumba za matajiri na za maskini, wenyeji na watoto wa wahamiaji.

Nao walijibu nini? Katika kila vijana 100, 92 walisema wanapatana na wazazi wao. Na 74 walisema watawalea watoto wao kama walivyolelewa wenyewe, au karibu na hivyo. Hayo sivyo alivyotazamia mlalamikaji wa barazani! Lakini lilionekana pia jambo la kuhuzunisha: elimu ya kijana bado yategemea mno elimu ya wazazi wake, hata katika nchi yenye mali nyingi.

Hofu zao nazo hubadilika. Mwaka 2019 wengi waliogopa kuchafuliwa kwa mazingira. Mwaka 2024, 81 katika kila 100 waliogopa vita katika Ulaya. Basi aliyeuliza mara moja hajamaliza kuuliza.

Hata hivyo, hesabu hizi zina mpaka wake. Zatuonyesha waliyoyasema vijana, si yote wanayoyatenda. Tena swali lililopindwa huzaa jibu lililopindwa, na jibu la kijana mbele ya baba yake huenda lisiwe lile atakalolitoa akiwa peke yake.

Sisi wazazi hatuhitaji fedha za kampuni ili kuanza. Baada ya chakula cha jioni, tumwulize kijana wetu: waogopa nini, watamani nini, na ni kipi katika malezi yetu ambacho usingependa kumfanyia mwanao? Swali hilo la mwisho ni zito kwetu sisi kuliko kwake. Akilijibu kwa kweli, tusimkate maneno wala tusimcheke, kwa maana kijana aliyechekwa leo hatasema kesho, nasi tutabaki kumhukumu tusiyemjua.