Ukiona ufa kwenye orodha ya misaada, umwambie nani?



Katika ziara moja huko Boga, kijana wa familia iliyohama alitungoja mpaka mkutano uishe, kisha akatuvuta pembeni. Shirika moja, ambalo hatulitaji, lilikuwa limemtumia kwa simu linki ya kufungulia kadi yake ya msaada. Alipoiandika upya kwenye simu ya ndugu yake alikosea tarakimu ya mwisho. Ikafunguka kadi ya mama mwingine: jina, picha, hesabu ya watoto, namba ya simu na mahali anapolala. Akatuuliza: “Wakubwa zangu, nikisema, si wataniita mwizi?”

Watu wa Boga hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021 watu zaidi ya 50 waliuawa Boga na Tchabi, na wengi wakakimbia. Kwetu Ituri, anayejua jina lako mara nyingi ameshajua kabila lako. Akijua na mahali unapolala, amejua mengi mno.

Kasoro kama hiyo katika programu ya kompyuta sisi tunaiita ufa. Programu ilipaswa kuuliza “wewe ni nani?” kabla ya kufungua kadi, nayo haikuuliza. Mara nyingi si ubaya wa mtu, ni haraka ya kazi. Lakini ufa haujali ulitokana na nini: aliyeuona kijana mwema leo, kesho ataupata mwingine.

Mfano mkubwa mnaweza kuwa mliusikia. Tarehe 19 Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wameingia kwenye seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na jamaa zao kwa vita na wanaotafutwa. Baadaye Kamati ilieleza kwamba wavamizi waliingia tangu 9 Novemba 2021. Walipitia ufa katika programu iliyonunuliwa kwa kampuni nyingine. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kutoa dawa ya ufa huo mwezi Septemba, lakini dawa haikuwa imewekwa kwenye seva hizo kwa wakati. Tunaipa heshima Kamati kwa kusema wazi, maana wengi hunyamaza. Na tunajifunza kwamba taarifa ya ufa ina safari mbili: imfikie aliyetengeneza programu, kisha dawa irudi mpaka kwa kila anayeitumia.

Sasa, kijana wetu afanye nini? Kwanza aache hapo hapo. Asijaribu namba ya pili na ya tatu ili ahesabu wangapi wanaonekana. Hesabu hiyo kampuni itaifanya yenyewe. Sheria nayo ipo. Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, amri-sheria namba 23/010 ya 13 Machi 2023, inaadhibu kuingia makusudi na bila ruhusa kwenye mtambo wa kompyuta. Kukosea tarakimu si makusudi. Kurudia ili kuona zaidi, hapo utetezi unakuwa mgumu.

Kisha aandike siku, saa, aina ya simu, alichobonyeza na alichokiona, bila kunakili habari za mama yule. Akipiga picha ya kioo cha simu, afiche jina na sura. Barua hiyo isipite kwenye kundi la WhatsApp la kambi, hata kwa nia njema: ukiwaonya watu 200, umewaonyesha watu 200 mlango. Ipelekwe kwa mtu mmoja, yaani msimamizi wa ulinzi wa shirika au namba yake ya malalamiko, na iombwe ifike kwa kampuni iliyotengeneza programu. Omba jibu la maandishi kwamba wameipokea.

Asidai fedha kabla ya kusema. Zipo kampuni zinazotoa zawadi kwa wanaoleta habari za namna hii, na hiyo ni halali. Lakini “nilipeni ndipo niseme” ni kutisha watu.

Muda je? Timu ya Google iitwayo Project Zero ina desturi ya kuzipa kampuni siku 90 kabla ya kutangaza undani wa ufa ilioupata. Kwa orodha ya waliokimbia vita sisi tunaona siku 90 ni nyingi mno. Ombeni ukurasa ufungwe leo, matengenezo yafuate. Wakinyamaza, pandeni ngazi: ofisi kuu ya shirika, kisha uratibu wa misaada Bunia. Kutangaza hadharani kuwe mwisho kabisa, na hata hapo semeni kwamba kuna ufa bila kueleza njia ya kuupitia.

Kwenu viongozi, rais wa kambi, machifu na wachungaji, tuna ombi moja zito. Mtu akija na habari kama hii msianze na “nani alikutuma?” Akiogopeshwa mmoja, wengine kumi watanyamaza, na ufa utabaki wazi kwa wenye nia mbaya. Mpeni kiti, andikeni pamoja naye, na kama anaogopa, barua iende kwa jina la kamati.

Ndivyo tulivyofanya na kijana yule. Barua iliondoka kwa jina la kamati, na siku ya tatu linki zile zilikuwa hazifunguki tena. Shirika lilimshukuru kwa maandishi. Karatasi hiyo anaitunza pamoja na kadi yake ya uchaguzi. Mama aliyeonekana alielezwa pia, kwa kuwa habari ni zake. Akauliza ni nani wengine waliofungua kadi yake kabla ya kijana huyu. Swali hilo tumelipeleka kwa maandishi vilevile, na tungali tunangoja jibu.