Kuifufua Kompyuta Kuukuu ya Kubebwa

Mwaka 1983 kampuni ya Tandy ya Marekani ilianza kuuza, katika maduka yake ya Radio Shack, kompyuta ndogo iitwayo TRS-80 Model 100. Iliundwa na kampuni ya Kyocera ya Japani. Ukubwa wake ni kama wa daftari nene, na kioo chake huonyesha mistari 8 yenye nafasi 40 za herufi kila mmoja. Iliyokuwa na kumbukumbu ndogo kabisa, kilobaiti 8, iliuzwa kwa dola 1,099. Huendeshwa kwa betri 4 ndogo za aina ya AA, na kwa hiyo waandishi wa habari waliipenda sana: waliandika popote walipokuwa, kisha wakazipeleka habari zao kwa simu.

Mashine hizo bado zinauzwa zikiwa zimetumika, na nyingi zinaweza kufanya kazi tena. Lakini yapasa kufahamu kwamba zilizokufa hazikuuawa na kazi. Zimeuawa na kukaa.

Chanzo cha uharibifu

Mbali na zile betri 4, ndani ya mashine imo betri nyingine ndogo ya volti 3.6, iliyounganishwa kwa risasi kwenye bodi ya saketi. Kazi yake ni kuhifadhi maandishi mashine inapozimwa. Betri hiyo ikizeeka huvuja maji makali yanayokula nyuzi za shaba za bodi. Vivyo hivyo kapasita, yaani vikopo vidogo vinavyotuliza umeme, huvuja baada ya miaka mingi. Hapo kioo hufifia au mashine hukataa kabisa kuwaka.

Kabla ya kununua

Mnunuzi na afungue kwanza chumba cha betri atazame kama kuna kutu au unga wa kijani. Kisha atazame swichi ndogo iliyo chini ya mashine. Swichi hiyo ikiwa imezimwa, mashine haiwaki hata kama ni nzima. Wengi wamedhani imekufa kwa sababu hiyo tu. Adapta nayo ina sharti lake: ni ya volti 6, na ncha ya katikati ni hasi. Adapta nyingi za siku hizi zina ncha ya katikati iliyo chanya, na kukosea hapo kunaweza kuiharibu mashine.

Iwapo mashine inawaka na ina maandishi yanayohitajiwa, hapana budi yahamishiwe kwanza kwenye kompyuta nyingine kwa waya, au yarekodiwe kwenye kaseti. Betri ya ndani ikishaondolewa, maandishi yote hupotea na hayarudi.

Kazi ya fundi

Fundi hufungua skrubu 4 za chini na kuzitenganisha nusu mbili za mashine polepole, maana zimeunganishwa kwa waya zinazoweza kukatika. Huondoa betri ya ndani, akafuta palipovuja kwa siki kidogo, kisha kwa spiriti, na kuacha pakauke kabisa. Ndipo huondoa kapasita za zamani moja baada ya nyingine na kuweka mpya zenye vipimo vile vile, akiangalia upande wa chanya na wa hasi. Akizing'oa zote kwa pamoja, ni rahisi kuzichanganya. Mwisho huweka betri mpya ya volti 3.6 ya aina inayochajiwa. Mashine ikiwaka vizuri, kioo huonyesha tarehe, saa na orodha ya programu zake.

Fundisho kwa vyama

Si kila chama kitakuwa na kompyuta kuukuu, lakini kila chama kina chombo chenye betri: kikokotoo, redio, tochi au mzani wa umeme. Chombo kisichotumika msimu mzima kitolewe betri kabla ya kuwekwa stoo, na jina la atakayekikagua liandikwe katika daftari la mali. Betri ni rahisi kununua. Chombo kilicholiwa na betri hiyo ni fedha ya wanachama iliyopotea.