Simba Wetu na Simba wa Meru

Kabla hujakimbilia ukurasa wa vitendawili (na najua ndio wengi wenu huufungua kwanza), nipe dakika chache nikueleze jambo lililonisumbua tangu muhula wa kwanza. Jambo lenyewe ni hili: kwa nini hadithi za watoto kuhusu wanyama wapendwa huwa na kifo ndani yake, na kwa nini sisi tunaojiona wakubwa hutaka sana kukiondoa?

Sikuanza kulifikiria darasani. Nilianza kulifikiria nyuma ya boma letu hapa Giakanja, nikiwa na jembe mkononi.

Tulikuwa na mbwa aliyeitwa Simba. Najua umecheka. Ukisimama barabarani hapa kwetu uite "Simba!" kwa sauti kubwa, mbwa watano watakuja mbio na wa sita atachungulia uani. Simba wetu alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala, na kitu alichokiogopa kuliko vyote duniani ni jogoo wa jirani. Lakini kwa ndugu yangu mdogo, aliye gredi ya pili, huyo alikuwa simba kamili. Kila asubuhi alimsindikiza hadi lango la shule kisha akarudi peke yake, na jioni alikuwa amekwisha kufika tena langoni kabla kengele haijalia. Nani alimfundisha kusoma saa? Hata sasa sijui.

Mwezi wa pili Simba akaacha kula. Tukadhani ameshiba panya. Siku ya pili mkojo wake ukawa na rangi ya chai isiyo na maziwa, na ufizi wake ukawa mweupe kama karatasi. Daktari wa mifugo, ambaye kwa kweli alikuwa amekuja kumtazama ng'ombe, alimfunua mdomo, akatikisa kichwa, akasema ni homa ya kupe na tumechelewa. Alfajiri ya siku ya tatu nilimkuta amelala kando ya ghala, amekauka.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu isipokuwa baba. Kila Jumamosi kazi yangu pale nyumbani ni kumpulizia ng'ombe dawa ya kupe. Pampu ninayo, dawa ninayo, muda ninao. Simba alikuwa akilala hapo hapo karibu na kihori akinitazama nikifanya kazi. Haikunijia akilini hata siku moja kumgeukia yeye. Ng'ombe hutoa maziwa. Mbwa ni mbwa. Ndivyo tunavyofikiri wengi wetu, tusidanganyane.

Baba alinisaidia kuchimba. Kwetu mbwa akifa aghalabu hutupwa tu kichakani, na nilitazamia baba aseme hivyo, lakini alichukua sururu bila neno. Tukamzika chini ya mparachichi kabla ndugu yangu hajaamka. Alipoamka na kuuliza, nikamwambia: "Simba amevuka mto kwenda kutafuta mke. Atarudi."

Lo! Ni uongo mwepesi ulioje! Lakini uliniuma kila jioni, kwa sababu kijana yule alianza kubakiza kipande cha ugali kwenye sahani yake na kukiweka mlangoni. Asubuhi kuku walikuwa wamekimaliza, naye akaamini ni Simba aliyepita usiku. Ikawa hivyo kwa majuma mawili.

Katika majuma hayo hayo, mlezi wa chama chetu cha Kiswahili akatugawia mada za jarida hili, na mimi nikaangukia hadithi za watoto. Nikaanza na zile nilizozijua, yaani ngano za nyanya yangu. Humo wanyama ni tele: sungura, fisi, kobe, ndovu. Fisi huanguka shimoni, fisi huungua, fisi hupasuka tumbo kwa ulafi. Je, umewahi kumlilia? Hapana! Sababu ni kwamba fisi wa ngano hana jina wala kwao. Anakufa leo jioni na kesho jioni nyanya anamleta tena mzima, ana njaa vile vile. Hadithi za mnyama mpendwa ni kitu tofauti kabisa. Mnyama wake ana jina, ana mtu wake, na akifa hafi tena mara ya pili. Hapo ndipo uchungu unapoingia, na ndipo mtoto anapoanza kuuliza maswali.

Nilipotafuta mfano mkubwa wa hadithi hizo sikuhitaji kwenda ng'ambo. Ukiamka asubuhi isiyo na mawingu ukatazama Mlima Kenya kutoka hapa, Meru iko upande wa pili wa mlima huo. Huko ndiko alikozikwa Elsa.

Elsa alikuwa simba wa kweli, si kama wetu. Mwaka wa 1956 George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyefanya kazi Isiolo, alimpiga risasi simba jike aliyewarukia. Kumbe mama huyo alikuwa akilinda watoto watatu wachanga. George akawabeba hadi nyumbani kwa mkewe, Joy. Wawili walipokua wakapelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi, na yule mdogo kuliko wote akabaki. Huyo ndiye Elsa. Alilala kambini, akapanda juu ya gari, akamfuata Joy kama kivuli. Kisha wakafanya jambo gumu: wakamfundisha kuwinda na kumwachilia porini, katika eneo ambalo leo ni Mbuga ya Taifa ya Meru. Desemba 1959 akazaa watoto watatu na kuwaleta mwenyewe kwa wale watu waliomlea.

Joy aliandika kitabu, Born Free, kilichotoka mwaka wa 1960 na kusomwa duniani kote. Mwaka wa 1966 ikatoka filamu yenye jina hilo hilo, na sehemu kubwa yake ilipigwa Naro Moru, hapa hapa kwetu Nyeri kwenye barabara ya kwenda Nanyuki. Filamu inaishia mahali patamu kweli. George na Joy wanarudi baada ya kuwa mbali, wanasubiri, wanakata tamaa, halafu Elsa huyo anatokea na watoto wake nyuma. Watu hufuta machozi ya furaha, basi.

Lakini tazama tarehe, ndugu msomaji. Filamu ilipotoka Elsa alikuwa amekufa kwa miaka mitano. Alikufa tarehe 24 Januari 1961, akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Joy alikuwa Nairobi. George ndiye aliyekuwa naye. Hakuuawa na mwindaji wala simba mwenzake. Alikufa kwa ugonjwa unaoletwa na kupe.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu.

Kidudu chenyewe huitwa Babesia. Ni kidogo hata jicho haliwezi kukiona. Kupe anapomnyonya mnyama hukiingiza katika damu, nacho huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Chembe zikipasuka rangi yake hutoka na mkojo, ndiyo maana mkojo huwa kama chai, na damu ikipungua ufizi hupauka. Kila mnyama na aina yake ya Babesia: ng'ombe ana yake, mbwa ana yake, na simba hali kadhalika. Ya kwamba kupe ndiye mletaji ilielezwa na wataalamu wawili wa Marekani, Theobald Smith na F. L. Kilborne, mwaka wa 1893, walipokuwa wakichunguza homa ya ng'ombe. Kwa hiyo jambo hili limejulikana zaidi ya miaka mia moja. Mimi nilikuwa na pampu mkononi.

(Kwa wenye mbwa: msiende kumwagia mbwa dawa ya ng'ombe kwa kipimo cha ng'ombe. Muulizeni daktari wa mifugo. Mimi niliuliza, ila nilichelewa.)

Joy mwenyewe hakuificha habari ya kifo. Aliiandika katika kitabu cha tatu, Forever Free, cha mwaka wa 1962. Elsa alizikwa huko huko Meru kando ya mto Ura, na Joy alipouawa mwaka wa 1980 huko Shaba, majivu yake yalipelekwa kwenye kaburi la Elsa na la Pippa, duma wake. Ni filamu iliyotuachia mahali patamu.

Waigizaji wa filamu hiyo, Virginia McKenna na mumewe Bill Travers, nao hawakubaki mahali patamu. Baadaye waliigiza na mtoto wa ndovu aliyeitwa Pole Pole, ambaye Kenya ilikuwa imemtoa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Miaka mingi baadaye walimtembelea huko, na walipomwita akaja na kuwanyooshea mkonga. Mwaka wa 1983 akafa, angali kijana kwa umri wa ndovu. Mwaka uliofuata walianzisha shirika la kutetea wanyama waliofungiwa, ambalo sasa linaitwa Born Free.

Ipo pia hadithi ya pwani ambayo ndugu yangu anaipenda kuliko zote, ya Owen na Mzee. Owen ni mtoto wa kiboko aliyepotezana na wenzake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa baharini karibu na Malindi na kupelekwa Haller Park, Mombasa. Huko akamkimbilia kobe mkubwa wa umri wa miaka 130 hivi, akajificha nyuma yake kana kwamba ni mama yake. Dakta Paula Kahumbu, Mkenya mwenzetu, ni mmoja wa walioiandika kwa ajili ya watoto mwaka wa 2006. Kitabu hakimfichi mtoto kwamba Owen alipoteza jamii yake, na kwa maoni yangu ndiyo maana urafiki ule unaaminika. Hata wao walitenganishwa mwaka wa 2007, kwa kuwa Owen alikuwa amenenepa mno na angeweza kumuumiza mzee wa watu akicheza naye.

Basi jioni moja tulikuwa jikoni, mimi nikimenya viazi, ndugu yangu akiniomba hadithi. Nikamsimulia Elsa. Nikaisimulia kama filamu, hadi pale alipotokea na watoto watatu, nikanyamaza.

"Halafu?" akauliza.

Mtunzi wa filamu anaweza kuwasha taa watu waende nyumbani. Aliye jikoni na mtoto hana taa ya kuwasha. Nikamwambia kwamba halafu Elsa aliugua.

"Akaugua nini?"

"Kupe."

Alikaa kimya akichezea ganda la kiazi. Kisha akasema, "Simba pia alikuwa na kupe. Wawili, ndani ya sikio lile lililolala. Niliwaona." Na baada ya kitambo: "Hakuvuka mto."

"Hakuvuka."

"Ulijua hata nikimwekea ugali?"

"Nilijua."

Hakunisemesha siku mbili. Nilistahili. Kifo chenyewe alikilia jioni moja tu, lakini lile la ugali lilimkaa zaidi, na hapo nikaelewa ni nani hasa tunayemhurumia tunapoikata hadithi kabla ya mwisho. Mimi sikuwa nimemficha ili yeye asilie. Nilimficha ili mimi nisiulizwe habari za pampu.

Siku ya tatu akaja kuniuliza kama kaburi la Elsa lina mawe juu. Nikasema ndiyo. Tukaenda mtoni tukabeba mawe, yeye madogo mimi makubwa, tukayapanga chini ya mparachichi. Baba alipita na debe la maziwa, akasimama, akasogeza jiwe moja kwa mguu likae vizuri, akaenda zake.

Wengi wetu tunalijua kaburi la Baden-Powell lililo kwenye makaburi ya Mtakatifu Petro mjini Nyeri, maana maskauti hufika kulitembelea. Hapo hapo amelala Jim Corbett, mwindaji aliyetoka India akahamia Nyeri mwaka wa 1947 na kufariki mwaka wa 1955. Watu humjua kwa chui na simba-milia wala watu aliowaua, lakini katika kitabu chake cha mwaka wa 1944 kuna sura nzima kuhusu mbwa wake, Robin. Alimnunua kwa rupia 15, na jina hilo alimpa kwa kumbukumbu ya mbwa wao wa zamani, aliyewaokoa yeye na mdogo wake kutoka kwa dubu wakiwa watoto.

Nililileta jambo hilo nyumbani kama hoja, kwa sababu mwezi uliopita shangazi alitupa mtoto wa mbwa, mweusi, masikio yote mawili yamelala. Nikasema tumwite Simba, kama alivyofanya Corbett. Ndugu yangu akakataa katakata. Akanionyesha mparachichi kwa kidole. "Simba yuko pale," akasema. "Huyu ni mwingine."

Kufikia siku ninapoandika haya bado hajapata jina. Jumamosi namshika mimi, naye ndugu yangu anamfunua masikio, moja baada ya jingine, akihesabu.