Mawimbi ya Ufukweni na Jinsi Yanavyopandwa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bwana Mhariri amenipa nafasi nieleze katika gazeti letu jambo ambalo huenda likawashangaza wasomaji wengi, yaani mchezo wa kusimama juu ya ubao na kuchukuliwa na wimbi la bahari hadi ufukweni. Najua baadhi ya wenzangu watauliza, "Yatuhusu nini mawimbi, sisi wana wa Newala na Masasi?" Kwetu Newala tu juu ya uwanda usio na mto hata mmoja, kwa miaka mingi mama zetu walishuka mteremko mkali kwa miguu kwenda kuteka maji mabondeni, kisha wakapanda tena na ndoo vichwani. Masasi nako twaona milima ya mawe na mikorosho, wala hatuoni tanga.

Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuandika. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni safari ya kilometa zipatazo 200 tu, na wanafunzi wengi huenda huko kwa michezo au kuwatembelea jamaa. Hufika wamejaa joto na vumbi, wakavua mashati na kukimbilia majini. Jioni moja bwenini niliuliza ni nani ajuaye kuogelea. Mikono iliyoinuka ilikuwa michache mno, na karibu yote ilikuwa ya wana wa pwani. Basi mtu asiyejua kuogelea apaswa walau ajue kuyasoma maji, na mchezo huu wa kupanda mawimbi hufundisha kuyasoma vizuri sana.

WIMBI NI KITU GANI?

Wengi hudhani kwamba wimbi ni maji yasafiriyo kutoka mbali mpaka pwani. Sivyo. Litazame shamba la ufuta wakati upepo upitapo juu yake. Utaona mwinamo unakimbia toka ukingo huu hadi ukingo ule, lakini hakuna shina lililoondoka mahali pake. Kila moja liliinama, likainuka tena. Bahari nayo ni hivyo hivyo. Nazi kavu ielekeayo juu ya maji mbali na ufuko hupanda wimbi likija, hushuka wimbi likipita, nayo hubaki karibu pale pale. Kinachosafiri ni nguvu. Maji yenyewe huzunguka tu kama gurudumu.

Nguvu hiyo hutoka kwa upepo. Upepo wa kusi, uvumao kwetu tangu Aprili hadi Septemba, na wa kaskazi, uvumao tangu Novemba hadi Machi, huinua mawimbi mafupi yafuatanayo upesi upesi. Lakini yako mawimbi mengine ambayo yamezaliwa na dhoruba za mbali sana, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi. Hayo husafiri maelfu ya kilometa yakiwa yamejipanga vizuri, marefu na laini. Tukihesabu sekunde 12 baina ya kilele kimoja na kingine, basi katika kina kikubwa umbali baina ya vilele hivyo ni meta zipatazo 225, na wimbi hukimbia kwa mwendo wa kilometa 67 hivi kwa saa, yaani kama basi. Pwani yetu ya Mtwara hukingwa kwa kiasi fulani na kisiwa kikubwa cha Madagaska, ndiyo maana mara nyingi hatuyaoni mawimbi makubwa kama yale ya Afrika ya Kusini.

KWA NINI WIMBI HUVUNJIKA?

Katika kilindi wimbi hupita bila kelele. Likifika mahali ambapo kina ni kidogo kuliko nusu ya urefu wake, kutoka kilele hadi kilele, huanza kuigusa chini. Hapo mwendo wake hupungua, wimbi la nyuma hulisogelea la mbele, nalo huinuka zaidi. Mwishowe sehemu ya juu hukimbia kuliko sehemu ya chini, kama mtu aliyejikwaa, na wimbi huanguka kwa povu na kishindo. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka: wimbi la kimo cha meta 1 huvunjika mahali penye kina cha meta 1.3 hivi, yaani maji yanayomfika mtu mzima kifuani. Kwa hiyo mahali wimbi linapovunjika pakueleza kina cha maji hata kabla hujatia mguu.

Tena, chini ya bahari ikiinuka polepole, wimbi humwagika taratibu na povu lake huteremka mbele. Chini ikiinuka ghafula, wimbi hujikunja kama mkeka na kuanguka kwa nguvu zote mahali pamoja. Tukumbuke kuwa meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Anayeangukiwa na wimbi la namna hiyo haangukiwi na kitu chepesi.

UFUKO WA MCHANGA NA UFUKO WA MWAMBA

Sehemu kubwa ya pwani ya Waswahili ina mwamba wa matumbawe mbele yake. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mfano, mawimbi huvunjika mbali kwenye mwamba, na maji yaliyo ndani yake ni tulivu. Lakini ziko pwani ambazo mawimbi hufika moja kwa moja mpaka juu ya mchanga. Mfano mzuri ni Shela katika kisiwa cha Lamu, huko Kenya. Ufuko wake una urefu wa kilometa zipatazo 12, na nyuma yake viko vilima vya mchanga. Karibu na kijiji cha Shela maji ni matulivu kwa kuwa kisiwa cha Manda kimesimama mbele kama ukuta. Lakini mtu akitembea kuelekea kusini-magharibi, kinga hiyo humwishia, na hapo bahari kuu huvunjika ufukweni. Nitaje hapa jambo moja litakalowapendeza watu wa Newala: vilima hivyo vya mchanga hunywa maji ya mvua na kuyahifadhi chini yake, nayo ndiyo yaunyweshayo mji wa Lamu. Kumbe hata kisiwani wako watu wenye shida yetu ya kutafuta maji ya kunywa!

Ufuko wa mwamba hausogei. Aliyeujua jana aujua leo. Ufuko wa mchanga hubadilika. Mawimbi huukusanya mchanga wakafanya mafungu chini ya maji, na kati ya fungu na fungu hubaki mfereji. Dhoruba moja yaweza kuyahamisha mafungu yote. Tena maji yakijaa na kupwa, mambo hubadilika kwa saa chache tu. Wakati wa bamvua bahari ya Mtwara hupanda na kushuka zaidi ya meta 3. Kwa sababu hiyo mpanda mawimbi katika ufuko wa mchanga hukaa kwanza juu na kutazama kwa muda mrefu kabla hajaingia.

MCHEZO WENYEWE

Watu wa visiwa vya Hawaii, katika Bahari ya Pasifiki, wamepanda mawimbi tangu zamani, wafalme kwa raia, wanaume kwa wanawake. Mbao zao walizichonga kwa miti ya kwao, kama koa na wiliwili, ambao ni mwepesi sana. Wachongaji wetu wa Kimakonde wangechonga ubao wa mpingo, ungezama kama jiwe, maana mpingo ni mzito kuliko maji! Siku hizi mbao nyingi hutengenezwa kwa povu gumu lililofunikwa kwa plastiki ngumu.

Wala Afrika haikuwa nyuma. Msafiri mmoja kutoka Uingereza aliyefika Accra katika miaka ya 1830 aliandika kwamba aliwaona wavulana wakiogelea na vibao vyepesi chini ya matumbo, wakangoja wimbi, kisha wakarudi nalo pwani. Katika michezo ya Olimpiki mchezo huu uliingizwa kwa mara ya kwanza Julai 2021, huko Japani, katika ufuko wa mchanga wa Tsurigasaki. Washindi walikuwa Italo Ferreira wa Brazili na Carissa Moore wa Marekani, mzaliwa wa Hawaii.

Mpandaji hulala kifudifudi juu ya ubao na kupiga makasia kwa mikono hadi nyuma ya mahali mawimbi yanapovunjika. Hapo hungoja. Akiliona wimbi linalomfaa, hugeuka kuelekea pwani na kupiga mikono kwa bidii ili mwendo wake ukaribiane na wa wimbi. Wimbi likiinua sehemu ya nyuma ya ubao, ubao huteremka kama mtoto atelezaye kilimani. Ndipo asimamapo kwa mruko mmoja. Haendi mbele moja kwa moja, bali hukata upande, akiukimbia ule mdomo wa povu unaomfuata.

MAHALI PATULIVU

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Maji yaliyosukumwa ufukweni na mawimbi hayana budi kurudi. Hayawezi kurudi kwa urahisi juu ya fungu, maana mawimbi yanayazuia. Basi hukusanyika na kupita katika ule mfereji ulio kati ya mafungu, yakafanya mkondo uendao baharini. Mkondo mkali waweza kufikia mwendo wa meta 2 kwa sekunde. Bingwa wa dunia wa kuogelea huenda kasi hiyo kwa chini ya dakika moja tu, kisha amechoka. Je, wewe na mimi?

Na hapa ndipo mgeni anapodanganyika. Katika mfereji kina ni kikubwa, kwa hiyo mawimbi hayavunjiki. Mgeni akitazama huona kushoto povu, kulia povu, na katikati njia nyeusi iliyotulia. Huambia wenzake, "Tuogeeni pale, pametulia." Kumbe amechagua mlango wa kutokea. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Mjomba wangu, ambaye ni mvuvi huko Mikindani, alinifundisha hayo tukiwa tumesimama juu ya ufuko mmoja ulio wazi kwa bahari kuu, nje ya ghuba. Aliniambia, "Mpwa wangu, usinionyeshe mahali pazuri pa kuogea. Nionyeshe kwanza mawimbi yanavunjikia wapi, kisha unionyeshe yanapokataa kuvunjika." Hakuniruhusu kugusa maji mpaka nilipomwonyesha vyote viwili. Mpanda mawimbi hutumia mkondo ule ule kama barabara ya kumpeleka nje bila kupigana na povu. Kwa hiyo mkondo mmoja humchukua mwenye ujuzi kwenye furaha yake, na humchukua asiye na ujuzi kwenye mauti.

LA KUFANYA

Asiyejua kuogelea asipite maji ya kiunoni, na asiingie kamwe mahali palipotulia kati ya povu na povu. Aliyechukuliwa na mkondo asishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea pwani, maana wengi hufa kwa kuchoka. Mkondo haumvuti mtu chini. Humpeleka nje, na nguvu zake hupungua baada ya kupita mahali mawimbi yanapovunjikia. Basi aelee, ainue mkono, apige kelele. Akiweza kuogelea, aende sambamba na ufuko mpaka atoke mkondoni, kisha arudi pale penye povu, kwa kuwa huko mawimbi yanasukuma kwenda pwani.

Na aliye nchi kavu asijitupe majini kwa uchungu wa rafiki yake, wasije wakafa wawili. Amtupie kitu kieleacho. Mwaka 1925, huko California, chombo cha wavuvi kiitwacho Thelma kilipinduliwa na mawimbi. Duke Kahanamoku wa Hawaii, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa kuogelea wa mwaka 1912 na 1920, aliwaokoa watu 8 kwa ubao wake wa kupandia mawimbi. Bingwa kama yule hakutegemea mikono yake mitupu; alichukua kitu cha kuelea.

Sisi hatuna mbao hizo, lakini tunalo dumu. Hakuna nyumba Newala isiyo na dumu la maji. Dumu tupu la lita 20, likifungwa kifuniko sawasawa, laweza kuinua kilo zikaribiazo 20 juu ya maji, na mtu aliyezama hadi shingoni huhitaji kuinuliwa kilo chache tu. Kwa hiyo nashauri kwamba kila kundi la wanafunzi wa shule hii liendalo Mtwara lichukue madumu mawili matupu na kamba, lipate mwenyeji wa kulionyesha ufuko, na kabla ya mtu yeyote kuvua shati, wote wakae juu ya mchanga kwa dakika kumi wakiyatazama mawimbi. Dumu limetuletea uhai miaka yote kwa kubeba maji. Laweza kutuletea uhai tena likiwa tupu.