Soko la spea za Raleigh ya babu

Kota haizidi urefu wa kidole cha mwisho, lakini ndiyo inayoushika mkono wa pedali kwenye ekseli. Ikilegea, pedali inacheza kila unapokanyaga, na ukipuuza inaila ekseli yenyewe. Nilipoirithi Raleigh ya babu, ile nyeusi ya breki za fito, nilianzia hapo. Fundi wa chini ya mwembe hakuniuliza hata baiskeli ni ya mwaka gani. Alimimina kopo la maziwa lililojaa vyuma, akachagua kota ya milimita 9.5, akaipiga tupa ubavuni, akaikagua kwa jicho moja, akaipiga tupa tena. Kisha akaegemeza mkono wa pedali juu ya kipande cha bomba na kugonga nyundo tatu. Bei yake haikufika ya soda mbili.

Wiki iliyofuata niliulizia vikombe vya gololi vya ekseli hiyo hiyo. Nilizunguka nusu ya Kariakoo.

Ndivyo soko hili lilivyo. Bei ya spea haifuati uzee wa baiskeli, inafuata wingi wa watu wengine wanaohitaji kipande hicho hicho. Raleigh ilianza Nottingham, Uingereza, mwaka 1887, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa ikitoa baiskeli zipatazo milioni moja kwa mwaka. Uundaji huko ulikwisha mwaka 2002. Umbo lake lilishahamia kwingine zamani: Hero na Avon za Ludhiana, India, na Phoenix ya Shanghai zimetengeneza baiskeli za mtindo ule ule, magurudumu ya inchi 28, breki za fito, kota na keria ya kubebea gunia. Kwa hiyo anayetafuta raba za breki, pedali, koni au spoku za baiskeli ya babu hanunui kitu cha kale. Ananunua bidhaa ile ile anayoihitaji mkulima wa Shinyanga.

Hata rimu ni hivyo. Breki za fito hubana rimu kwa ndani, upande wa spoku, si ubavuni. Rimu ya baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya haina pa kubana, na kwa kawaida ina matundu 36 wakati habu za Kiingereza zina 32 mbele na 40 nyuma. Ya India inaingia bila ubishi.

Kwenye tairi ndiko wengi wanakoliwa hela. Inchi 28 si kipimo kimoja. Tairi la baiskeli nzito, 28 kwa 1½, hukaa kwenye rimu ya milimita 635. Nyingine nyingi zinazoitwa 28 ni za milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini hazivaliki hata ukileta vijana wanne na sabuni. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi kabla ya kutoa pesa. Ukiishi Ulaya uliza 40-635: baiskeli za kina mama wa Uholanzi hutumia saizi hiyo, na Schwalbe ya Ujerumani inaitengeneza.

Habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer inatisha kwa macho, na mafundi wengi hawataki kuifungua. Kibiashara ni nyepesi kuliko sura yake. Aina ya AW ilitoka mwaka 1936. Mwaka 2000 kampuni ilinunuliwa na SunRace ya Taiwan, na uzalishaji ukahamia huko. Kicheni cha gia kinapatikana kipya, na sproketi ya meno matatu ya ndani bado ni ya kawaida duniani. Kwenye gamba la habu nyingi za baada ya vita pamegongwa mwaka na mwezi ilipotengenezwa. Ya babu inasema 55.

Turudi kwenye vikombe. Kiwango cha kawaida cha Kiingereza ni hesi 24 kwa inchi. Raleigh ilijikatia yake, 26. Kikombe cha kawaida kinaingia mizunguko miwili kinakwama, na fundi mwenye papara akikilazimisha kwa spana ndefu ameiua fremu. Sidhani kama kuna kiwanda kitakachofufua hesi hiyo kwa ajili yetu wachache.

Hata spea za kawaida zinapungua rafuni. Boda boda ilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ikiwa baiskeli. Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizofika cc 250 mwaka 2008, abiria walihamia kwenye injini, na wenye maduka nao wakafuata, wakaanza kupanga cheni na plagi za pikipiki palipokuwa na madigadi. Muuza spea hana mapenzi na chapa. Anaweka kinachotoka.

Vikombe vyangu hatimaye nilivipata kwa mzee mmoja mwenye rundo la fremu zilizokatika. Alivitoa kwenye Raleigh isiyo na uma wala magurudumu, akavifuta kwa mafuta ya taa, akanitajia bei ya kota 20. Nikalipa. Wakati nasukuma baiskeli kuondoka alinitazama miguuni, akaitazama habu.

“Hiyo ya gia ukiichoka,” akasema, “usiwapelekee wa skrepa. Niletee mimi.”