PSA Ikipanda Kidogo Baada ya Matibabu: Usiogope, Usipuuze

Mwanamume aliyetibiwa saratani ya tezi dume hurudi kliniki kila baada ya miezi kadhaa kupimwa PSA. Akiona namba imetoka 0.04 hadi 0.06, huenda akadhani ugonjwa umerudi. Wapo wanaokata tamaa na kuacha kliniki, ilhali mabadiliko madogo kama hayo huenda yasiwe na maana yoyote.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume na kupimwa kwenye damu. Mashine za maabara hutofautiana, na hata damu ileile ikipimwa mara mbili inaweza kutoa majibu yanayopishana kidogo.

Maana ya namba hutegemea matibabu. Kwa aliyeondolewa tezi yote kwa upasuaji, PSA hutarajiwa kushuka hadi karibu sufuri. Kwa kawaida madaktari husema saratani huenda imerudi PSA inapofika 0.2 au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha.

Aliyetibiwa kwa mionzi bado ana tezi yake, hivyo PSA hushuka polepole. Katika miaka michache ya kwanza inaweza kupanda kidogo kisha ikashuka yenyewe. Kwake, tahadhari huanza ikipanda kwa 2 juu ya kiwango cha chini kabisa alichowahi kufikia. Ikiwa kilikuwa 0.5, basi ni 2.5.

Zaidi ya namba moja, daktari hutazama mwenendo. Baada ya upasuaji, majibu ya 0.03, 0.05 na 0.04 yanapanda na kushuka tu. Lakini 0.05, 0.1 na 0.2 yanaongezeka maradufu kila mara. Huyu asikawie, kwa kuwa mionzi baada ya upasuaji hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado chini.

Wagonjwa wanashauriwa:

• Kupimwa katika maabara moja kila inapowezekana.
• Kuandika majibu yote na tarehe katika daftari moja na kwenda nalo kliniki.
• Kumweleza daktari dawa wanazotumia, na kama wanahisi maumivu wakikojoa. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kupandisha PSA kwa aliye na tezi.

Mwenye maumivu mapya ya mifupa, damu kwenye mkojo au miguu inayolegea asingoje tarehe ya kliniki. Afike hospitalini mara moja.