Jinsi ya kumtambua Afrocymbella, diatomu wa maji baridi ya Afrika

Juu ya mawe ya mito kama Ruvubu, unaopitia maeneo ya Gitega na Muyinga nchini Burundi, hutanda utelezi wa rangi ya kahawia. Mtekaji maji huukwepa asije akaanguka. Mwanabiolojia huukwangua, kwani ndani yake mnaishi diatomu, viumbe wadogo wanaoeleza hali ya maji.

Diatomu ni mwani wa seli moja. Ganda lake ni la silika, madini yanayotengenezewa kioo, nalo lina vipande viwili vinavyofunikana mithili ya kopo na kifuniko. Baadhi ya spishi huvumilia maji machafu, nyingine hutoweka. Kwa hiyo, anayekosea jina huweza kukosea pia hukumu juu ya maji yanayotumiwa na watu.

Kwanza, sampuli husafishwa kwa kemikali hadi yabaki maganda matupu, kisha hutazamwa kwa hadubini inayokuza takriban mara 1,000. Hapo maswali mawili huulizwa. Je, pande mbili za ganda zinalingana? Je, ncha zake mbili zinafanana?

Cymbella ana upande mmja uliobenuka kuliko mwingine, lakini ncha zake zinafanana. Gomphonema ana pande zinazolingana, ila ncha moja ni pana na nyingine nyembamba. Afrocymbella huunganisha sifa zote mbili: upande mmoja umebenuka, na ncha hazifanani. Baada ya hapo huhesabiwa mistari ya vitundu katika kila mikromita 10 ili kutenganisha spishi. Tahadhari ni moja: ganda lililolala ubavu huficha umbo lake, hivyo mtafiti hukagua maganda mengi kabla ya kuamua.

Jenasi hiyo ilipewa jina na Mjerumani Kurt Krammer mwaka 2003. Mwaka 2016, spishi mpya, Afrocymbella barkeri, ilielezwa kutoka Ziwa Challa, mpakani mwa Kenya na Tanzania, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Silika haiozi upesi. Maganda hurundikana chini ya maziwa kwa maelfu ya miaka, na kwa kuyatambua, wanasayansi husoma nyakati za mvua na za ukame zilizopita. Majina sahihi ndiyo ufunguo wa kumbukumbu hiyo.